Nyumba Inauzwa, Maji Yake Je?

Mazungumzo kwa wakazi wa Lodwar na Kakuma kuhusu maji ya nyumbani wakati wa kuuza na kununua nyumba

 

Tangazo la nyumba inayouzwa Lodwar au Kakuma halikosi mambo matatu: idadi ya vyumba, bei, na maneno mawili mafupi, "maji yapo". Mnunuzi akifika hufungua mfereji, huona maji yakitiririka, na moyo wake hutulia. Katika kaunti ambako mama anaweza kutembea saa nyingi na mtungi kichwani, maji yanayotoka ukutani ni neema. Lakini maji kuwapo ni jambo moja, na maji kufaa kunywewa ni jambo lingine.

Tuseme kuna kijana aliyezaliwa Kanamkemer, na sasa anafanya kazi Marekani. Wazazi wametangulia mbele za haki, nyumba imebaki na kisima chake uani, naye anataka kuiuza. Amempa kaka yake mkubwa hati ya uwakilishi. Mnunuzi ni mwalimu wa Kakuma, mwenye mke na mtoto wa miaka miwili. Mwalimu anauliza kama maji yamewahi kupimwa. Kaka anapiga simu ng'ambo.

"Mwambie hayo maji tumeyanywa sote na tukakua," anajibu mdogo.

"Tumekua, ndiyo," anasema kaka. "Lakini wewe mwenyewe hucheka ukiwa umefunika mdomo."

Simu inanyamaza kidogo. Wote wawili wana meno ya kahawia, na wote wanajua yalitoka wapi.

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini meno ya namna hiyo yapo Turkana. Chanzo chake ni floridi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima kadhaa vya kaunti hii, vikiwemo baadhi ya vile vya eneo la Kakuma, vimekutwa vikipita kiwango hicho. Meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi hadi umri wa takriban miaka minane, na hapo ndipo floridi nyingi huyaharibu. Baadaye hayasafishiki kwa mswaki. Maji yenye floridi nyingi zaidi, yakinywewa kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa. Mtoto wa mwalimu ana miaka miwili. Kwa hiyo swali la baba yake halikuwa la kutafuta punguzo la bei.

Ugumu wa floridi ni kwamba haionekani, hainuki, na kwa viwango hivi haina ladha. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yakapita kipimo. Chumvi angalau hujitangaza ulimini. Itakumbukwa kwamba mwezi Septemba 2013 serikali ya kitaifa pamoja na UNESCO walitangaza kugunduliwa kwa hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi huko Lotikipi, na nchi nzima ikashangilia. Visima vya majaribio vilipochimbwa, maji ya Lotikipi yalikutwa na chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Kama hilo lilitokea kwa hifadhi kubwa namna ile, basi kisima cha uani nacho kisisifiwe kabla ya kupimwa.

Adui wa pili ni vijidudu. Mji wa Kakuma uko kando ya laga ya Tarach, na Lodwar iko kando ya mto Turkwel. Mafuriko yakija husomba uchafu wa vyoo na mifugo hadi kwenye visima vifupi. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, imepata milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja. Watafiti waliochunguza mlipuko wa mwaka 2005 kambini waliona kwamba watu waliohifadhi maji ya kunywa katika vyombo vilivyofungwa au kufunikwa walikuwa na hatari ndogo ya kuugua. Hivyo maji yaliyotoka safi kwenye mfereji yanaweza kuharibikia nyumbani, ndani ya mtungi usio na kifuniko au kwa kikombe kinachochovywa na kila mkono.

Maadui hawa wawili hawapigwi kwa silaha moja, na hapo ndipo familia nyingi hukosea.

Vijidudu huuawa kwa moto. Maji yakichemka kwa nguvu kwa dakika moja yanatosha katika miinuko ya Lodwar na Kakuma. Vilevile huuawa kwa klorini: dawa hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, maji yakakorogwa na kuachwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Yakiwa na tope, yaachwe yatulie na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza, kwa sababu tope hula nguvu ya klorini. Asiye na kuni wala dawa ana jua, na jua Turkana halikopwi. Chupa ya plastiki angavu, isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani saa sita, vijidudu hufa. Siku za mawingu mengi ziwe mbili.

Lakini moto, klorini na jua haviondoi floridi wala chumvi. Tena kuchemsha kwa muda mrefu huongeza makali yake, kwa kuwa maji hupungua sufuriani na madini hubaki. Floridi inahitaji njia nyingine. Kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imelifanyia kazi kwa miaka mingi, na ambalo jirani zetu wa Tanzania wamelitafiti katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe; chujio lililochoka humpa mtu moyo tu na haliondoi kitu. Kuna pia mashine zinazosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana. Hizo huondoa floridi na chumvi pamoja, ila zinahitaji umeme au sola, matunzo, na humwaga sehemu ya maji.

Njia ya tatu iko juu ya paa. Mvua haina floridi ya miamba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Lodwar hupata karibu milimita 200 kwa mwaka, na miaka mingine pungufu. Paa la mita 50 za mraba, tukitoa sehemu ya tano inayopotea, linaweza kutoa lita 8,000 katika mwaka wa namna hiyo. Familia ya watu sita ikitumia lita 18 kwa siku, kwa kunywa na kupika peke yake, hayo ni maji ya zaidi ya mwaka mmoja. Mvua hapa haina ratiba, kwa hiyo tangi liwe kubwa, lifunikwe, na maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yamwagwe. Kisima kibaki cha kuoga na kufua.

Sasa turudi kwenye mauzo. Mnunuzi aulize mambo manne kabla ya kulipa hata amana. Kwanza, maji yanatoka wapi: kisima cha uani, mabomba ya Kampuni ya Maji na Usafi ya Lodwar, au boda boda wa mitungi? Kama ni mabomba, aione bili ya mwisho, ili asirithi deni. Pili, kama ni kisima, kiko wapi kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na iko wapi rekodi ya mchimbaji inayoonyesha kina na hali ya maji? Tatu, choo kiko umbali gani kutoka kisimani, na kiko upande wa juu au wa chini? Nne, maji yamepimwa lini, na maabara gani?

Kipimo chenyewe kina utaratibu. Sampuli ya floridi huwekwa katika chupa safi ya plastiki, si ya glasi, kwa sababu floridi huathiriana na glasi. Sampuli ya vijidudu huwekwa katika chupa maalumu iliyotakaswa kutoka maabara, ikahifadhiwa kwenye baridi na kufika ndani ya saa 24. Kwa joto la Turkana na urefu wa barabara ya Kitale, safari ipangwe kabla ya mfereji kufunguliwa. Afisa wa afya ya umma wa eneo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Na muuzaji, hasa aliye ng'ambo, asione kipimo kama mtego. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na mtoto wa mnunuzi ni mmoja wao. Majibu yakiwa mazuri, nyumba imepata sifa isiyohitaji dalali. Yakiwa mabaya, bado nyumba inauzika: bei ipunguzwe kwa gharama ya tangi na mabati ya kukinga mvua, au muuzaji aviweke mwenyewe, na karatasi ya maabara iambatishwe kwenye mkataba. Aliye mbali anaweza kudhani hataulizwa. Lakini kaka aliyebaki atakutana na mwalimu yule sokoni, na miaka sita baadaye atamwona mtoto akitabasamu.

Katika mfano wetu, simu ilinyamaza, kisha mdogo akasema, "Kaka, peleka chupa. Nitalipa mimi."