Jua Halimngoji Mpiga Picha

Septemba 1, mwaka 2016, watu wengi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa hadi likabaki pete. Sisi wa Dodoma tuliona sehemu tu, ingawa kubwa. Pete yenyewe ilidumu dakika 3 hivi, na kwa mwenye darubini na kamera, dakika 3 zaweza kwisha akihangaika na skrubu.

Jua halitulii. Kwa saa moja husogea nyuzi 15 angani, na upana wake ni nusu nyuzi tu. Ndiyo kusema kila dakika 2 linahama mahali pake lote, na darubini isiyolifuata hubaki inatazama anga tupu. Kwa hiyo huwekwa juu ya stendi yenye mota, ambayo mhimili wake sharti uelekee ncha ya anga.

Hapo ndipo penye kazi kwetu. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo mhimili hulazwa karibu sawa na ardhi. Stendi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hazikubali kuinama hivyo; uzito wa kusawazisha hugonga mguu. Wenzetu wa huko hulenga Nyota ya Kaskazini usiku, lakini sisi hatuioni, na ncha ya kusini haina nyota inayong'aa. Mchana ndiyo kabisa! Inabaki dira, na pimamaji ya fundi mwashi. Tena swichi ya mota iwekwe upande wa kusini, la sivyo darubini italikimbia jua badala ya kulifuata.

Zipo stendi za kupanda na kushuka, kulia na kushoto. Hizo hushindwa jua linapokuwa utosini, kama Dodoma wiki ya kwanza ya Machi na ya pili ya Oktoba, maana hapo hutakiwa kugeuka kwa kasi mno. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe.

Ninalohofia mimi si picha. Jua likitoroka, mtu kwa haraka hutia jicho kwenye kidarubini cha kulengea, ambacho mara nyingi hakina chujio. Huungua asijue, kwa sababu sehemu ya nyuma ya jicho haisikii maumivu.

Kidarubini hicho kifunikwe kabisa. Jua litafutwe kwa kivuli: sogeza darubini mpaka kivuli chake kiwe kidogo kuliko vyote, na jua litakuwa limo. Chujio likae mbele ya darubini, si penye jicho, ambako joto huweza kulipasua.

Agosti 2, 2027, jua litapatwa kabisa kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6. Kwetu ni sehemu tu. Walimu wenye darubini wawafundishe wanafunzi kazi hii ya kivuli mapema, siku ambayo hakuna umati unaosukumana nyuma yao.