Kushiriki kwa Khiari katika Utafiti wa Macho

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mtaalamu wa macho mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo linalozua maneno mengi barazani kila wanapoonekana watu wenye mikoba na ubao wa herufi wakipita nyumba kwa nyumba. Jambo lenyewe ni utafiti wa macho, na khasa suali la nani ashiriki na kwa masharti gani.

Suali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Mimi naona vizuri, mnanitakia nini?" Ni suali la haki, na naomba nilijibu kwa mfano.

Mwaka 2000 watafiti walikwenda katika kijiji cha Kahe Mpya, Wilaya ya Rombo, Mkoa wa Kilimanjaro, kuchunguza trakoma. Huo ni ugonjwa wa kuambukiza wa macho ambao, ukimrudiarudia mtu kwa miaka, hukunja ukope kwa ndani mpaka nywele zake zikawa zinalikwangua jicho, na mwisho wake ni upofu. Kijiji kilikuwa na wakaazi 978. Zaidi ya 900 walikubali kupinduliwa ukope na kupanguswa ndani yake kwa kijiti cha pamba, jambo ambalo halipendezi hata kidogo. Walioonekana kuwa na vijidudu vya ugonjwa hawakutimia asilimia 10. Kwa maneno mengine, katika kila watu kumi waliostahamili kijiti kile, tisa hawakuwa na maambukizo. Baadaye takriban kijiji kizima kilipewa dawa ya azithromaisini, na miezi 24 ilipopita waliokutwa na vijidudu walikuwa asilimia 0.1 tu.

Sasa tujaalie kwamba wale tisa wangelisema, "Sisi tunaona vizuri," wakafunga milango. Watafiti wangelibakia na wagonjwa peke yao, na wasingeliweza kusema ugonjwa ulikuwa mkubwa kiasi gani wala umepungua kwa kiasi gani. Hesabu ile iliyosaidia nchi nyingi kuelewa nguvu ya dawa hiyo ilijengwa na watu wazima wa macho kuliko wagonjwa. Kwa hivyo anayeona vizuri anatakiwa kwa sababu ile ile kwamba anaona vizuri.

Hapa kwetu Zanzibar, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha watu 381 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa na shida ya kuona vitu vya karibu, ile shida inayotujia sote na umri. Kati ya wenye shida hiyo, waliokuwa na miwani hawakufika mmoja katika kila watano. Wengi wetu tunaijua hali hii bila ya kuipa jina. Bibi anayeshona kofia humwita mjukuu amtungie uzi sindanoni. Karani huishika barua kwa urefu wa mkono, na akifikia kikomo cha mkono husema taa ya ofisini ni mbovu. (Nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe, na taa ilikuwa nzima.)

Kujua kwamba watu hawana miwani ni jambo moja. Kuithibitishia Serikali yoyote kwamba miwani hiyo ina faida katika kazi ni jambo jengine. Huko Assam, nchini India, wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikubali kugawanywa kwa kura. Nusu walipewa miwani ya karibu mwanzoni, nusu walisubiri mpaka mwisho wa utafiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: mavuno ya waliopewa mapema yalipanda kwa takriban asilimia 22 zaidi ya mavuno ya waliosubiri.

Nawaomba mlizingatie neno kura. Anayejitolea katika utafiti wa namna hiyo hachagui kundi lake, na daktari naye hamchagulii. Huenda akaangukia kwenye kundi la kusubiri, na katika utafiti wa dawa huenda akapewa tone lisilokuwa na dawa ndani yake. Kwa hivyo utafiti si matibabu. Mwenye jicho linalouma, au aliyeona ghafla pazia jeusi au mwanga wa radi machoni, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri watafiti wafike shehia yake.

Nije kwenye masharti. Tangu Tamko la Helsinki la mwaka 1964 madaktari duniani wamekubaliana kwamba ridhaa ya mshiriki haina badala. Hapa Zanzibar utafiti wa afya unatakiwa uwe na kibali cha kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya. Mwananchi ana haki ya kuomba aonyeshwe kibali hicho, wala hilo si utovu wa adabu. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili kinachofahamika. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemwamini, kisha ndipo atie dole gumba. Anaweza kujitoa wakati wowote bila ya kutoa sababu, na akijitoa asinyimwe tiba aliyokuwa akiipata.

Hapa nina neno kwa masheha na wakuu wa ofisi. Sheha anaweza kuwatambulisha watafiti kwa watu wake, na kufanya hivyo ni msaada mkubwa. Lakini sheha akimwambia mtu "lazima utoke", au mkuu wa idara akipeleka majina ya wafanyakazi wake bila ya kuwauliza, hapo khiari imekwisha. Jibu la "ndiyo" linalotolewa kwa kumstahi mkubwa haliwi ridhaa.

Watafiti nao wana deni. Miaka kadhaa nyuma kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kilipita shehia ninayotoka. Watu walitoka, wazee wakapangwa foleni juani, picha za ndani ya macho zikapigwa. Hawakurudi kutwambia walichokiona. Mama yangu mdogo mpaka leo huniuliza, "Mwanangu, jicho langu walilipeleka wapi?" Sina la kumjibu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia saini, ulizeni majibu yatarudi lini na kwa njia gani, picha zitahifadhiwa na nani, na atakayeonekana na ugonjwa atapelekwa wapi.

Kuhusu siku yenyewe ya kupimwa, mambo ni mepesi. Mara nyingi utatiwa matone ya kupanua mboni. Yanawasha kidogo, kisha kwa saa kadhaa maandishi ya karibu hayasomeki na jua linaumiza. Msije na vespa wala baiskeli; njooni na mtu wa kukurejesheni nyumbani, na kofia au miwani ya jua. Mwenye presha ya macho, au mwenye ndugu aliyepata kuumwa nayo, aseme kabla ya kutiwa matone. Anayefunga na akawa na wasiwasi juu ya matone aombe apangiwe usiku au baada ya Ramadhani. Mtafiti mwenye adabu hatakataa.

Jambo moja zaidi, nalo litakuchekesheni. Wapo wanaokariri ubao wa herufi kwa kuwasikiliza waliotangulia foleni, na wapo wanaojifanya hawaoni kwa matumaini ya kupata miwani ya bure. Wa kwanza wengi wao ni madereva. Wote wawili wanaharibu hesabu ya kila mtu mwengine aliyetoka kwa nia njema, na dereva anahatarisha na abiria wake. Usipoiona herufi, sema huioni.

Nimeleta nakala za fomu ya ridhaa ya mfano, zipo mezani karibu na mlango. Chukueni mkazisome nyumbani na watu wenu, na mwenye suali nitakuwepo hapa mpaka adhana ya Alasiri.