VIJANA, MSIUPITE MLANGO WA UUGUZI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba niseme nanyi juu ya kuchagua kazi, kwa sababu mimi ni afisa utumishi katika halmashauri ya wilaya, na shughuli yangu ya kila siku ni majalada ya watumishi. Siku kama hii mara nyingi husikia habari za uhandisi, sheria na uhasibu. Mimi leo nimechagua kazi ambayo katika shule ya wavulana haitajwi ila kwa mzaha. Nayo ni uuguzi.

Naona wengine mmekwisha anza kucheka. Chekeni, kisha mnisikilize.

Kwanza kabisa, tuliondoe wazo kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake tu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba dunia ilikuwa na wauguzi karibu milioni 28, na kwamba katika kila kumi, tisa walikuwa wanawake. Taarifa hiyo hiyo ilikadiria kuwa mwaka 2018 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9. Kazi yenye upungufu mkubwa kiasi hicho wanaume wameiacha ipite mbele ya macho yao. Wala haikuwa hivyo tangu zamani. Enzi za Mwingereza, aliyefunga vidonda na kugawa dawa katika zahanati nyingi za Tanganyika alikuwa mwanamume, naye akiitwa dresa. Hakuna aliyemcheka dresa. Watu wazima walimheshimu.

Pili, niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi wetu twamjua muuguzi kwa sindano tu. Daktari humwona mgonjwa, akaandika, akaenda kwa mwingine. Anayebaki na mgonjwa saa zote ni muuguzi. Yeye ndiye apimaye joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu, na ndiye wa kwanza kutambua kwamba mgonjwa wa kitanda cha tatu amebadilika tangu jioni. Asipotambua yeye, mara nyingi hakuna mwingine wa kutambua.

Ni kazi ya elimu. Nitawapa hesabu moja. Mgonjwa ameandikiwa lita moja ya maji ya mshipani, iingie kwa saa nane. Mpira unaotumika hutoa matone 20 kwa kila mililita. Je, muuguzi aweke matone mangapi kwa dakika? Lita moja ni mililita 1,000, kwa hiyo ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, utapata matone 42 hivi. Hesabu hii haimshindi mtu yeyote hapa. Lakini darasani ukikosea unapata alama ya mkasi. Wodini ukikosea kwa mtoto mdogo, waweza kuujaza maji mwili wake hata akashindwa kupumua.

Kadhalika na masomo mengine. Maji ya klorini ya kusafishia vyombo vyenye damu huchanganywa kufikia asilimia 0.5, hiyo ni Kemia. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na vivyo hivyo dawa ya oksitosini ambayo mama huchomwa baada ya kujifungua ili asivuje damu nyingi. Ikiachwa juani hupoteza nguvu, hata kama rangi yake haikubadilika. Mambo haya yote mmo katika kuyasoma sasa.

Hapa ndipo penye jambo kubwa nililokuja kuwaambia. Mlango wa uuguzi haufungwi siku ya matokeo ya Kidato cha Nne. Hufungwa mapema zaidi, siku mwanafunzi anapochagua masomo akaitupa Fizikia na Kemia kwa kuwa rafiki zake wameitupa. Ili upokelewe katika chuo cha uuguzi na ukunga ngazi ya cheti au stashahada, sharti uwe na ufaulu usiopungua alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake wawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huongeza nguvu. Hawakudai alama A. Wanadai uwe umeyasoma na kuyafaulu.

Njia yenyewe ni ya ngazi, na hili nalipenda sana. Ukisoma miaka miwili wapata cheti, na katika utumishi wa umma huanza na cheo cha Muuguzi Daraja la Pili. Ukifikisha miaka mitatu wapata stashahada, nawe huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi. Aliyemaliza Kidato cha Sita kwa ufaulu mzuri wa Kemia, Baiolojia na somo la tatu linalotakiwa na chuo chake, aweza kwenda chuo kikuu, kama vile Muhimbili, Dodoma au Bugando, akasoma miaka minne, kisha akafanya utarajali wa mwaka mmoja. Huyo huwa Afisa Muuguzi. Tena aliyeanza na cheti hazuiwi kupanda. Nimeshika majalada ya watu walioanza na cheti, wakafanya kazi, wakaomba ruhusa ya masomo, na leo ni wasimamizi wa wauguzi wa hospitali nzima.

Kumaliza chuo hakutoshi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka kila muuguzi asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe na leseni, ambayo huhuishwa kwa kuonyesha kuwa anaendelea kujifunza. Kwa hiyo, kabla mzazi hajatoa shilingi moja ya ada, hakikisheni kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET. Someni wenyewe mwongozo wa udahili wa mwaka wenu. Kwa vyuo vikuu, mwongozo wa TCU. Msimwamini mtu wa kijiweni anayedai ana nafasi ya kuuza.

Sasa nije kwenye ugumu wake, kwa kuwa sikuja hapa kuwapamba. Kazi ni ya zamu: asubuhi, jioni na usiku. Sikukuu wenzako wanapokula pilau, wewe uko wodini. Utasafisha haja ya mtu mzima, na utamfumba macho aliyekufa. Wala ajira si ya papo kwa papo. Serikali huajiri kwa kibali, nafasi hutangazwa, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Wapo wahitimu wanaongoja miaka. Wengine huanzia hospitali za mashirika ya dini au za watu binafsi, wengine hujitolea. Mwenye kuchagua kazi hii ayajue hayo tangu mwanzo.

Lipo na swali ambalo najua mnalo, ila mnaona haya kuliuliza: mwanamume atazalishaje? Hapa kwetu muuguzi hufundishwa uuguzi na ukunga pamoja, kwa hiyo huwezi kulikwepa. Nitawajibu kwa jambo nililoliona katika wilaya moja niliyofanyia kazi.

Kulikuwa na zahanati ya kijiji yenye muuguzi mmoja tu. Alipokwenda likizo ya uzazi, chumba cha kujifungulia kilifungwa, na akina mama wakawa wanachukuliwa kwa pikipiki usiku, mwendo mrefu, hadi kituo cha afya. Jengo lilikuwapo, kitanda kilikuwapo, dawa zilikuwapo, mtu hakuwapo. Hatimaye tulipata kijana mmoja, ametoka chuoni, nami ndiye niliyemwandalia barua ya kupangiwa kituo. Wanakijiji walipomwona walinung'unika. Yeye hakugombana nao. Alikwenda kuwasalimu wazee, akamwomba bibi mmoja aliyezalisha watoto wengi wa kijiji hicho kwa njia ya jadi awe anakaa chumbani pamoja na mzazi. Kila mama alimuuliza kwanza kama yu radhi, na aliyekataa alimtafutia usafiri mapema, kabla uchungu haujakaza. Polepole waliokataa wakapungua. Katika jalada la kijana yule imo barua ya serikali ya kijiji, yenye muhuri, kuiomba halmashauri isimhamishe.

Katika miaka yangu ya utumishi nimepokea barua nyingi za wananchi kuhusu watumishi, na nyingi huomba mtu aondolewe. Ya kuomba mtu abaki huja mara chache.

Wadogo zangu, sisemi nyote muwe wauguzi. Atakaye uhandisi na ajenge madaraja. Ninachosema ni kwamba msiiache kazi kwa sababu ya kuchekwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo mengi yamejengwa tangu hapo. Lakini kuta haziuguzi mtu. Yanahitaji watu waliosoma, wenye moyo na wasioogopa usiku.

Kwa wanafunzi wa zamani wenzangu nina ombi moja. Miongoni mwetu wamo waganga na wauguzi. Likizo ijayo mkaribisheni kijana mmoja mmoja nyumbani, mumweleze kazi ilivyo, na kama mkuu wa hospitali ataruhusu, mumwonyeshe. Saa moja ya kuona huzidi hotuba kumi kama hii yangu.

Na ninyi vijana, Jumatatu mtakaporudi darasani, fungueni vitabu vya Kemia.