Vifuko Vinavyoitangulia Saratani

Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji jijini London, alipitia rekodi za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa haukusambaa ovyo: ini liliandamwa kuliko viungo vingine. Mbegu, alisema, huota panapo udongo wake. Asichokijua ni nani anayeulima udongo huo.

Leo tunaye mshukiwa. Seli ya saratani humwaga nje vifuko vidogo mno, vingine havifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, vimesheheni protini na vipande vya RNA. Seli zenye afya nazo hutoa vifuko, ndivyo zinavyopashana habari; ubaya uko kwenye mzigo. Mwaka 2015 timu ya David Lyden, New York, ilionyesha kwa panya kwamba vifuko vya saratani ya kongosho humezwa na seli za ulinzi za ini. Walinzi hao hugeuka: huchochea seli jirani zitengeneze nyuzi kama za kovu, na seli nyingine kutoka kwenye uboho huja kutua hapo. Yote hayo kabla saratani yenyewe haijafika!

La kutia moyo ni kwamba vifuko hivyo hupatikana kwenye damu, na maabara zinavisaka kama dalili ya mapema. Ila kazi kubwa bado iko kwenye utafiti. Anayekuuzia leo kipimo cha tone moja la damu kinachobaini kila saratani, muulize kimeidhinishwa na nani.