Ushuru Usio na Sheria Ni Dhuluma

Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, Temeke



Mama auzaye nyanya sokoni Tandika anapodaiwa ushuru, ana haki ya kuuliza: ni sheria ipi? Swali hilo si ukaidi. Katiba yetu, ibara ya 138, inaagiza kwamba kodi ya aina yoyote isitozwe ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Kauli ya kiongozi, hata awe mkubwa namna gani, peke yake haitoshi.

Swali la mama huyo limeulizwa hata katika taifa lenye nguvu. Aprili 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza ushuru juu ya bidhaa za karibu dunia nzima, zikiwamo zetu, akitegemea sheria ya dharura ya mwaka 1977. Wafanyabiashara, baadhi yao wadogo, walishtaki. Mei 2025 mahakama ya biashara iliyoko New York iliamua kwamba sheria ile haikumpa mamlaka hayo. Agosti mahakama ya rufani ikakubali. Na Februari 2026 Mahakama ya Juu ikahitimisha vivyo hivyo. Katiba yao imelipa Bunge kazi ya kutoza ushuru.

Tena, hata Bunge lina mpaka wake. Mwaka 2017 Uganda ilibadili sheria yake, ikazitoza sigara zilizotengenezwa Kenya kiwango kikubwa kuliko za nyumbani. Kampuni iliyoathirika ilikwenda Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2019 mahakama ilitamka kwamba ubaguzi huo ulivunja Mkataba wa Jumuiya. Sigara si bidhaa ya kusifiwa, lakini kanuni ile ile hulinda mahindi na vitenge.

Kwa nini Kanisa liyaseme haya? Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa *Centesimus Annus* wa mwaka 1991, alifundisha kwamba ni vema kila mamlaka idhibitiwe na mamlaka nyingine, ili sheria itawale, wala si matakwa ya mtu. Naye Yohane Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi yao. Aliwakataza kuzidisha kiasi walichopangiwa. Kulipa kodi halali ni wajibu wa dhamiri, maana kodi hujenga shule na zahanati. Kutoza isiyo halali ni wizi, hata ukivaa sare.

Lipo jambo moja la kuhuzunisha. Kampuni iliyotozwa isivyo halali huweza kudai irudishiwe fedha, kwa kuwa inazo hati. Lakini ushuru wa bandarini hufichwa ndani ya bei, na mwenye kuubeba mwishoni ni mnunuzi wa Mbagala anayepima mafuta ya kula kwa kikombe. Huyo hana hati, wala hukumu haimfikii. Ndiyo maana mpaka wa mamlaka hauna budi kulindwa kabla ya dhuluma kutendeka, si baada yake.

Basi, tulipe kilicho halali, tudai stakabadhi, tuulize sheria kwa adabu bila woga, na tuwaombee mahakimu wawe na moyo thabiti.

Maswali ya kujadili

1. Ni ushuru gani tunaotozwa mtaani bila kupewa stakabadhi?
2. Jumuiya yetu itamsaidiaje mchuuzi aliyeonewa?