Barua ya Chuo na Mahindi Yaliyo Shambani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Kiminini



Mtoto akipangiwa chuo kikuu, nyumbani hupigwa vigelegele, na ni haki yetu kufurahi. Lakini barua ile si fedha. Furaha ikiisha kupoa, mzazi hugeuza karatasi akaona ada, na hapo ndipo twaanza kukimbia huku na huku.

Tazameni majira yetu. Vyuo huita wanafunzi wapya mwezi wa Agosti au Septemba. Wakati huo mahindi ya Trans Nzoia yangali shambani; twavuna Oktoba na Novemba. Mnunuzi ajua hayo. Huja na fedha mkononi, akanunua mahindi mabichi kwa bei aitakayo yeye. Wengine wetu wamekodisha ekari kwa misimu mitatu wapate ada ya muhula mmoja. Mwaka wa pili mtoto amerudi nyumbani, hana ada, nasi hatuna pa kulima.

Tangu 2023, ada ya mtoto aliyepangiwa chuo na KUCCPS imegawanywa: sehemu ni msaada wa serikali, sehemu ni mkopo wa HELB, na sehemu yatoka kwetu jamaa. Kiasi hutegemea daraja. Mwaka 2024 madaraja yalikuwa matano. Katika la kwanza jamaa walidaiwa shilingi 5 kwa kila 100 ya ada. Katika la tano, shilingi 40. Na msaada huo hauji wenyewe. Lazima mtoto aombe, na majibu ya fomu ndiyo yanayompa daraja.

Hapa mfanya kazi ana taabu yake. Mshahara wetu umeandikwa wote, lakini hati ya mshahara haionyeshi watoto wa marehemu ndugu tunaowalea. Kwa hiyo fomu isijazwe na mtoto peke yake, mbio mbio, katika duka la intaneti. Kaeni naye, mtaje kila mtoto anayesoma. Daraja likitoka lisilofaa, kateni rufani. Njia ipo.

Tena ulizeni bei ya masomo kabla mtoto hajachagua. Akishapangiwa, nafasi ya kuhama ni ya muda mfupi tu. (Sisi wazee husema "Daktari! Daktari!" bila kuuliza kwamba udaktari ni miaka sita.)

Wapo wanaokataa mkopo wa HELB kwa kuogopa deni, kisha wakaenda kwa mkopeshaji wa sokoni. Riba ya HELB ni shilingi 4 kwa 100 kwa mwaka, na mtoto hulipa akiisha kumaliza masomo. Ya sokoni mwaijua wenyewe.

Shida hii si ngeni kwa vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya, aliona vijana waliokwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani wakikosa nauli. Alikwenda huko kuomba msaada, na Septemba mwaka ule vijana 81 walipanda ndege Nairobi. Huku nyumbani jamaa na majirani walichanga fedha za matumizi yao.

Tawi letu halina ndege. Lina karani. Kila Jumamosi kutoka saa tatu asubuhi atakuwa ofisini kwa kazi hii tu. Njoo na mtoto wako, hati ya mshahara, na vyeti vya wote unaowalea, hata vyeti vya kifo vya wazazi wao. Asiyejua kusoma fomu atasomewa, wala hatachekwa.