Tuhesabu Chembe Zinazotia Meno Madoa



Kujumlisha na kutoa tumekwisha jifunza. Leo tutatumia hesabu hiyo hiyo kwa kitu kidogo sana, ambacho hakionekani kwa macho.

Katika vijiji vingi vya Arusha na Kilimanjaro watu wana meno ya rangi ya kahawia. Wengine husema ni uchafu. Wengine husema ni ukoo. Sivyo. Sababu ni floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake bado yanaumbika ndani ya ufizi, meno huota na madoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda.

Basi floraidi ni nini? Kila kitu kimejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini. Ndani ya kiini kuna protoni zenye chaji chanya, na nyutroni zisizo na chaji. Nje ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi.

Haya, twaeni mahindi, maharage na kunde. Tuijenge atomu ya florini.

Kwanza, protoni. Namba ya atomu ya florini ni 9. Hiyo ndiyo idadi ya protoni. Wekeni mahindi 9 katikati.

Pili, nyutroni. Namba ya masi ni 19, yaani protoni na nyutroni kwa jumla. 19 kutoa 9 ni 10. Changanyeni maharage 10 na yale mahindi.

Tatu, elektroni. Katika atomu, elektroni ni sawa na protoni. Zungusheni kunde 9.

Lakini florini haitulii. Huchukua elektroni 1 kwa jirani. Ongezeni kunde 1. Sasa elektroni ni 10, protoni ni 9 zile zile. Chaji hasi imezidi kwa 1. Atomu iliyopata au iliyopoteza elektroni huitwa ioni. Floraidi ndiyo ioni hiyo.

Je, tukichemsha maji, itatoka? Haitoki ng'o! Moto wa jiko huua vijidudu, lakini hauondoi protoni hata 1. Mvuke huenda zake, floraidi hubaki sufuriani. Kitambaa nacho huipitisha, maana ni ndogo mno.

Tufanye nini? Tukinge maji ya mvua, hasa kwa watoto wadogo. Tupunguze magadi katika chakula, maana baadhi yake yana floraidi nyingi. Chujio la mkaa wa mifupa pia husaidia. Na tudai kisima chetu kipimwe. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita 1.

Zoezi: Sodiamu iliyo katika chumvi ina namba ya atomu 11 na masi 23. Imepoteza elektroni 1. Hesabuni chembe zake.

Jibu: protoni 11, nyutroni 12, elektroni 10.